Kodi ya miezi sita mmeshakula, paa atatengeneza nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme langu kuhusu nyumba za kupanga, hasa hizi zetu za vyumba vyumba huku Tabata, Mbagala, Manzese, Buguruni na kwingineko, ingawa najua hata wa Mwanza na Mbeya wakisoma wataitikia. Sitaki kuongelea kodi kupanda, hiyo imeshaongelewa mpaka basi. Naongelea matengenezo, yaani bati likitoboka, ukuta ukianza kumwaga plasta, choo kikijaa, waya ukiungua ndani ya ukuta, hela inatoka mfuko wa nani. Kila masika ikiingia mwezi wa tatu ugomvi ni huu huu kwenye kila ua, mpangaji anampigia mwenye nyumba, mwenye nyumba anajibu "sawa namtuma fundi", fundi haji, mvua inakata mwezi wa tano, jua linawaka na kila mtu anasahau mpaka vuli.

Niseme msimamo wangu mapema nisije nikazunguka. Paa, kuta, mfumo wa maji machafu, choo cha kushea na waya za ukutani ni mali ya mwenye nyumba na kuzitengeneza ni kazi yake, kwa hela yake, bila kubembelezwa. Na mpangaji akilazimika kutengeneza yeye kwa sababu maji yanamdondokea kitandani, hiyo hela ni deni na ikatwe kwenye kodi. Kuna watu watasema huyu analeta ujuaji. Sio ujuaji, imeandikwa.

Sheria ya Ardhi ya 1999, ile Sura ya 113, kifungu cha 88 kinataja mambo ambayo mwenye nyumba anahesabika ameyaahidi hata kama mkataba wenu umekaa kimya. Limo la kumwacha mpangaji akae kwa amani bila bughudha. Limo la kwamba ukipangisha sehemu tu ya jengo, basi paa, kuta kuu, mifereji mikuu, njia wanazopita wote na vile vitu vya matumizi ya pamoja ni juu yako kuviweka katika hali nzuri. Na limo hili ambalo mimi nalipenda kuliko yote, kwamba nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anaingia NA kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Someni tena hapo wenye nyumba. Sio ile siku ya kukabidhi ufunguo tu, wakati kuta zimepigwa rangi ya maji juzi na harufu bado ipo, ni muda wote. Na chumba kimetajwa humo, kwa hiyo asije mtu akasema sheria hiyo ni ya maghorofa ya Masaki, ni ya huku huku kwetu ambako nyumba moja ina vyumba sita na familia sita na koki moja uani.

Hapo hapo kuna jingine ambalo wapangaji wengi hawalijui kabisa. Nyumba ikiharibika kwa moto au mafuriko au dhoruba au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, ikawa haikaliki yote au kipande, kodi inasimama, yote au kwa kiasi cha uharibifu, mpaka itengenezwe. Ikipita miezi sita haijatengenezwa mpangaji anaweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Sasa nikumbusheni, zile mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 kuingia 2024, nyie mlioko mabondeni huku Msimbazi na Kigogo, maji yalipofika dirishani kuna mwenye nyumba gani alikuja akasema jamani mwezi huu kodi tusimamishe? Mimi niliowasikia walikuwa wanauliza tu kodi ya muhula ujao iko tayari.

Na msidanganyike na lile la "si hatukuandikishana". Upangaji wa muda mfupi, wa mwaka mmoja kushuka chini, unakubalika kisheria hata ukiwa wa mdomo. Kutokuandikishana kunakuongezea kazi ya kuthibitisha mlichokubaliana, ni kweli, ila hakumfanyi mwenye nyumba awe huru na paa lake.

Sasa kama sheria ipo tangu 1999 mbona bado tunaweka masufuria chini ya matone? Jibu langu ni moja, kodi ya miezi sita. Tufanye hesabu ndogo. Chumba na sebule tuseme laki na ishirini, mara sita hiyo ni laki saba na ishirini, weka na ya dalali mwezi mmoja inakuwa laki nane na arobaini, hapo bado hujabeba hata godoro. Mwenye nyumba anaipokea yote mkupuo mmoja na siku hiyo hiyo ina kazi zake, ada ya mtoto, deni la kikoba, tofali za ile nyumba nyingine anayoipandisha Chanika au Kibaha. Simlaumu kwa kuwa na shida, nani hana. Lakini mwezi wa pili paa likivuja ile hela haipo, na ya kwako ijayo iko mbali. Ukimpigia anakusikia vizuri tu, tatizo hana kitu na wewe huna cha kumbana nacho, maana umeshalipa. Ukihama kwa hasira unaacha miezi minne yako pale. Mwenye nyumba anajua hilo ndio maana anakuwa na ujasiri wa kukwambia "kama hujaridhika hama". Angekuwa anapokea mwezi kwa mwezi simu yako angeipokea mlio wa kwanza.

Hapa nilipo mimi paa lilianza kwa doa la kahawia kwenye silingi bodi, kubwa kama sahani. Tukatoa taarifa. Mwaka wa mvua uliofuata lile doa likawa ramani, halafu bodi ikalegea katikati ikawa kama tumbo, usiku mmoja ikaachia, maji na mavi ya popo na vumbi la miaka yote vikashuka kwenye kochi. Ndio fundi akatumwa. Huyo fundi sasa, alikuja na nyundo, mfuko wa misumari na kopo la lami, akapanda juu na viatu, akawa anatembea katikati ya bati chakavu badala ya kukanyaga kwenye mistari ya misumari palipo na mbao, kila akikanyaga unasikia kwacha, kwacha. Akaziba tundu moja akatuachia matatu. Nilimwambia kaka hizo mbao za kenchi zinazobeba paa pale kwenye kona zimeoza, ukipigilia msumari haushiki, akanijibu "mzee kaniambia nizibe tu". Alilipwa hela ya kuziba basi aliziba. Bati mbili mpya na papi moja, ule ubao unaopigiliwa bati, zingemaliza hiyo kesi miaka kumi, lakini mwenye nyumba anaona amebana matumizi, kumbe kila masika anamlipa yule yule fundi wa lami.

Halafu kuna hili la ukuta wa chumvi, wa Dar mnanielewa. Nyumba imejengwa kwa mchanga wenye chumvi au haikuwekwa kizuia unyevu kwenye msingi, unyevu unapanda kutoka chini, rangi inavimba inakuwa na malengelenge, ukiigusa inadondoka na unga mweupe kama sembe. Kabati ukilisogeza ukutani nguo zinanuka ukungu, viatu vinaota fangasi, mtoto mwenye pumu hatulii usiku. Unaambiwa paka rangi. Hiyo rangi ni ya nani? Ukuta uliojengwa vibaya miaka 20 kabla hajazaliwa mtoto wangu wa kwanza unakuwaje uchakavu wa kwangu? Kuupaka rangi ukuta wa aina hiyo ni kumpaka poda mgonjwa wa homa. Inabidi plasta ibanduliwe mpaka kwenye tofali, pakaushwe, papigwe upya kwa saruji na dawa ya kuzuia maji, na hiyo ni kazi ya mwenye jengo.

Na nyufa msizichukulie poa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la maduka liliporomoka Kariakoo mchana kweupe, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, na ndani walikuwemo wafanyabiashara waliopanga na wateja wao waliokuja kununua mzigo tu. Siingilii chanzo, ninachosema mpangaji hana namna ya kujua chini ya msingi kunafanyika nini, anayejua na anayetakiwa kujua ni mwenye jengo.

Choo sasa. Hapa naomba radhi kwa wanaosoma huku wanakula. Nyumba ya vyumba sita, watu ishirini na kitu, shimo moja lililochimbwa kwa ajili ya familia moja. Linajaa haraka. Kila likijaa mwenye nyumba anasema changishaneni mlete gari la majitaka livute, na hapo ndipo vita inapoanza, mwenye chumba kimoja anasema mimi niko peke yangu nitalipaje sawa na mwenye watoto watano, mama wa chumba cha mbele anasema yeye hata hatumii anaenda kazini, bachela wa uani hapatikani kwenye simu. Wakati mnabishana chemba inafurika uani kwenye njia ya kwenda kuchota maji. Mwisho mtu anangoja mvua kubwa ya usiku anatapisha, uchafu unaenda kwenye mtaro, mtaro unaenda kwa jirani, na kipindupindu kikiingia mtaani tunaanza kumtafuta mchawi.

Mimi kwenye choo natoa hukumu ya katikati. Kuvuta kwa sababu ya matumizi ya kawaida, sawa, wapangaji wachangie, na mgawanyo uandikwe mapema kwa kichwa sio kwa chumba. Lakini shimo likiwa dogo kuliko watu aliowapangisha, au limebomoka kuta, au bomba la kutoka chooni limekaa bila mteremko kiasi kwamba kila wiki linaziba, hilo sio letu. Huwezi kuongeza vyumba viwili vya uani, ukachukua kodi yake, choo ukakiacha kile kile halafu gari la majitaka ukatuachia sisi.

Umeme nao ni kifo kinachosubiri zamu. Nyumba nyingi za zamani zilitandikwa waya za kuwashia taa, redio na pasi ya Jumapili. Leo kila chumba kina friji, birika la umeme, rice cooker, tivii kubwa, mwingine ana jiko la sahani mbili analificha mwenye nyumba asilione. Mita moja, meni swichi moja. Breka ikikata mara mbili mara tatu anatokea mjuaji anaiunga kwa waya mnene ili isikate tena, na kweli haikati, zinaungua waya zenyewe ndani ya ukuta. Ukiweka mkono juu ya meni swichi usiku saa mbili ukaisikia ina joto, jua hapo hamna salama. Shirika la umeme linaishia kwenye mita, kuanzia mita kuingia ndani ni shauri la mwenye nyumba, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, sio kijana yeyote mwenye testa mfukoni. Namba ya zimamoto ni 114, muiandike ukutani, japo wengi wetu njia za kwetu gari la zimamoto halipiti.

Nisiwe wa upande mmoja. Wapangaji nao wapo ambao Mungu anawaona. Anatupa pampasi na vitambaa chooni halafu analalamika choo kimeziba. Anapasua mkaa sebuleni kwenye sakafu ya vigae. Anavunja kitasa kwa sababu kapoteza funguo, akihama anaondoka na balbu, na swichi, mmoja nilimshuhudia kaondoka na mlango wa bafuni akidai kaununua yeye. Sheria kifungu cha 89 na mpangaji imempa ya kwake, alipe kodi, alichopangishwa akitunze katika hali inayoridhisha, amruhusu mwenye nyumba kuja kukagua muda unaofaa, na akitoka akirudishe kama alivyokikuta. Ila uchakavu wa kawaida hawajibiki nao. Kwa hiyo balbu, koki inayodondosha kwa kuchakaa mpira, kioo ulichopasua mwenyewe, kitasa, mbu wameingia kwa wavu uliochanwa na mwanao, hizo ni zako baba, usimsumbue mtu usiku. Bati lenye kutu ya miaka kumi na tano sio lako.

Na wenye nyumba nao sio wote matajiri, tuelewane. Wengine ni wajane, wengine wastaafu ambao ile nyumba ndio pensheni yenyewe, kachumba kamoja ka elfu hamsini ndio dawa ya presha. Ukimwambia abadili paa zima anakutazama tu. Huyo namuelewa na huyo ndiye nasema mpangaji atangulize hela akatwe kwenye kodi, wote wawili wanapona. Nisiyemuelewa ni yule mwenye nyumba nne, kila mwaka anapandisha kodi kwa maelezo kwamba "maisha yamepanda", na hiyo nyongeza hata kopo la rangi halijawahi kuiona.

Sasa kuna kitu kimoja kinanikera zaidi na ndicho hasa kilichonifanya nichukue simu niandike. Kodi ya majengo. Hii kwa haki ni ya mwenye jengo. Mwaka 2021, mwezi wa nane, ikahamishiwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, na kuanzia 2023 ikawa 1,500 na 7,500. Anayenunua umeme ni nani? Mpangaji. Tukaambiwa mtakaa na mwenye nyumba mkubaliane awarudishie au mkatane kwenye kodi. Haya, nani alirudishiwa anyooshe mkono. Hela ni ndogo kweli, wala sigombani na serikali kukusanya mapato. Hoja yangu ni kwamba mfumo uliweza, tena haraka haraka, kumfikia mpangaji chumbani kwake na kumtoza kitu ambacho ni cha mwenye nyumba. Basi ubunifu huo huo ufanye kazi na kwa upande wa pili, wa kumfanya mwenye nyumba atoe kilicho chake. Kwa nini wajibu wa mwenye nyumba unatufikia kupitia mita lakini paa lake halitufikii?

Mtu ataniuliza si uende ukashtaki. Twende tukaone hiyo njia. Zamani kulikuwa na sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, yenye mabaraza yake ya nyumba, ikafutwa 2005, kwa hiyo kesi za wapangaji zinaenda na kesi za viwanja na mashamba kwenye vyombo vile vile. Unaanza Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 halitoi tena hukumu, linasuluhisha tu, lina siku 30. Mkishindwana ndio unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni sawa kwa mgogoro wa kiwanja. Lakini mimi nina madai ya bati mbili na mfuko wa saruji, nikaombe ruhusa kazini mara ngapi, nauli, kuchapisha, kugonga mihuri, mpaka nishinde nimeshatumia bei ya paa zima, na kule nyumbani mwenye nyumba ananiangalia kwa jicho ambalo hata salamu haitoki. Wenzetu Kenya kwenye Sheria yao ya Ardhi ya 2012 wameandika maneno karibu yale yale ya paa na kuta na chumba kufaa kukaliwa, ila wao walibaki na baraza maalumu la kodi za nyumba za bei ya chini, japo kiwango chake cha shilingi 2,500 kwa mwezi ni cha zamani sana, chumba cha bei hiyo Nairobi leo ukitafute kwa tochi.

Kwa hiyo mimi nadhani dawa ianzie chini, ofisi ya serikali ya mtaa. Pale ndipo mikataba yetu mingi inapogongwa muhuri, mwenyekiti au mtendaji anashuhudia, mnatoa hela ya karatasi mnaondoka. Zile fomu zina jina, chumba, kiasi, miezi mingapi, na onyo la kutopiga muziki mkubwa. Kuhusu matengenezo hamna hata mstari. Halmashauri ichapishe fomu moja inayoeleweka, ya Kiswahili cha kawaida, iandikwe kabisa kwamba paa, kuta, shimo la choo na waya za ndani ni za mwenye nyumba, na koki, vitasa na balbu ni za mpangaji. Mpangaji akiona tatizo atume meseji na picha kwa simu, tarehe inabaki pale. Kama ni choo, umeme au maji yanaingia ndani, mwenye nyumba awe na siku tatu, mengine wiki mbili. Zikipita, mpangaji alete fundi wawili watoe bei mbele ya mjumbe, achukuliwe wa bei nafuu, risiti zitunzwe, hela ikatwe kwenye kodi inayofuata, na kama kodi ilishalipwa yote basi muda wa kukaa uongezwe kwa thamani hiyo. Hapa hamna haja ya kwenda wilayani, mjumbe na mwenyekiti wanatosha.

Na hiyo miezi sita ipunguzwe. Mimi nasema mitatu, wengine wanasema mmoja, tubishane hapo hapo, ila sita na kumi na miwili ndio inayowapa kiburi.

Kwa wapangaji wenzangu wakati tunasubiri hayo, siku ya kuingia kabla hujaweka hata ndoo ndani, piga picha kila ufa, kila doa la dari, chungulia chemba, fungua maji, washa kila swichi, panda kiti uangalie kama silingi bodi imepakwa rangi mahali pamoja tu kuliko pengine, maana hapo ndipo panapovuja. Picha mtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo kwa heshima, "baba shikamoo, hali ya chumba nilivyokikuta ndio hii". Ukienda kuangalia nyumba kiangazi muulize jirani wa chumba cha pili, sio dalali. Dalali kwake nyumba zote hazivuji.

Wenye nyumba mnaosoma hapa na nyie mjibu, ukurasa ni wa wote, matusi nitayavumilia. Ila mkijibu muanze na hili, kwenye ile kodi ya miezi sita mnayopokea mkupuo, mnatenga shilingi ngapi ya paa?

Mpangaji,
Tabata, Dar es Salaam